Tunene Nini Kaburini pa Askari Mzee?



Afapo mzee aliyekwenda vitani, mchungaji hupewa kazi nzito. Jamaa zake hutaka asifiwe kwa ushujaa. Wengine hunong'ona ya kuwa mikono yake ilimwaga damu, nao huona heri vita vyake visitajwe kabisa. Je, yatupasa kunena nini mbele ya jeneza lake?

Swali hili si geni. Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kitabu kidogo kwa ajili ya Assa von Kram, mtu wa vita aliyesumbuliwa na dhamiri. Luther alitenga kazi na mtu aifanyaye: kazi ya askari yaweza kuwa halali, ikiwa yawalinda watu, lakini mwenyewe aweza kuitenda vibaya. Tena alifundisha kwamba mtu akijua hakika ya kuwa vita ni vya udhalimu, asiende. Mafundisho hayo ni mema. Ila Luther alimwandikia bwana aliyeweza kuchagua. Wazee wetu wengi hawakupewa kuchagua.

Tukumbuke yaliyoipata Ugogo. Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, Wadachi walitwaa wapagazi, ng'ombe na nafaka. Mwezi wa Julai 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma, na Waingereza nao wakatwaa vivyo hivyo. Kisha mvua ikakosekana. Ndipo ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, katika miaka ya 1917 hata 1920. Yakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika watu kama 150,000, maana yake mmoja kwa kila watano. Askari alipata posho yake. Aliyeilima nafaka ile alilala njaa.

Sineni haya ili kumshitaki maiti. Askari hakuitoa amri ile. Hata wale waliopelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma katika vita vya 1939 hata 1945, wengi walipigania ugomvi usio wao. Lakini historia ya askari haikamiliki pasipo mpagazi wake, wala ya mpagazi pasipo mama aliyeachwa na ghala tupu. Dar es Salaam sanamu ya askari imesimama tangu 1927; makaburi ya wapagazi walio wengi hayana alama. Mwaka 2021 hata Tume ya Jumuiya ya Madola itunzayo makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina yao.

Basi tufanyeje? Maandiko yatuonyesha njia. Daudi alimlilia Sauli aliyemwinda, akazitaja nguvu zake. Hata hivyo makosa ya Sauli hayakufutwa katika kitabu. Na Daudi mwenyewe, ingawa alipendwa na Mungu, alizuiwa kuijenga nyumba yake kwa sababu ya damu nyingi aliyoimwaga. Heshima na kweli zakaa pamoja.

Labda mtu atasema: Je, tuwahuzunishe yatima kwa kutaja damu siku ya maziko? La, hasha. Aliyoungama mzee mbele ya mchungaji wake ni siri, nayo itazikwa pamoja naye. Lakini tumfanyapo kuwa mtu asiye na doa, twamnyang'anya msamaha, kwa maana asiyehesabiwa kuwa na dhambi hana cha kusamehewa. Na tunyamazapo kabisa, twamwacha peke yake na mzigo aliotwikwa na wakubwa.

Kwa hiyo tutaje mahali alipopelekwa, na nani alimpeleka. Tuwataje waliomchukulia mzigo na waliokosa chakula. Kisha tumweke mikononi mwa Kristo, aliyekufa kwa ajili ya askari na mpagazi pia. Wakati wazee hao wachache waliosalia wangali hai, twende tukaketi nao, tuwaulize, tuwasikilize hata wamalize. Mengine watapenda kuyasema kabla ya siku ya jeneza.