Mwombe mdhamini kabla ya kumwandika

Matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira nchini Tanzania humtaka mwombaji ataje wadhamini watatu wa kuaminika, pamoja na namna ya kuwapata. Watu huhangaika wiki nzima na cheti cha kuzaliwa na mhuri wa wakili, halafu sehemu ya wadhamini wanaijaza kwa dakika mbili: mwalimu wa chuo, bosi wa zamani, mjomba mwenye cheo. (Mjomba mwondoe. Hata awe mkurugenzi, akianza na “huyu ni mtoto wa dada yangu” ameshaharibu.)

Sasa mfikirie mhadhiri aliyefundisha mamia ya wanafunzi tangu uhitimu. Simu inaita yuko sokoni, sauti ngeni inamuuliza kama unaaminika na fedha. Hakukumbuki. Atasema, “Nadhani alikuwa kijana mzuri,” na mwajiri atalisikia hilo “nadhani” kuliko yote yaliyofuata.

Mpigie kwanza. “Shikamoo mwalimu, naomba nikutaje kuwa mdhamini wangu.” Akikubali, mtumie wasifu wako na tangazo lenyewe, umkumbushe mwaka uliosoma kwake na utafiti aliokusimamia. Akisitasita, mshukuru utafute mwingine. Amekuepusha na aibu. Na matokeo yakitoka, umepata au umekosa, mpe habari. Hapa ndipo wengi hupotea, kisha baada ya miaka miwili wanaibuka na ombi jingine, bila hata salamu.