Uandike Nini Ikiwa Hujawahi Kuandikwa?



Kila mara vyuo vinapokaribia kufunga, meza yangu ya ofisini hujaa fomu. Vijana wetu wanatafuta kazi ya likizo, wengine nafasi ya atachimenti, na kila fomu inataka majina ya watu wawili au watatu wanaomjua mwombaji. Mara nyingi mmoja wao huwa ni mimi. Jina kamili, nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA, gredi ya KCSE: hapo kalamu inakimbia. Halafu inafika palipoandikwa "uzoefu wa kazi", na inasimama. Mtoto ana miaka 19. Ataandika nini?

Wiki hii nataka tuwaze pamoja juu ya swali lililofichika hapo: mtu akijipamba kidogo kwenye fomu ili apate riziki, je, amesema uongo?

Dada mmoja wa mwaka wa pili, ambaye sitamtaja, aliniletea fomu ya kazi ya karani wa muda katika duka moja kubwa. Alikuwa ameandika kwamba amekuwa "mhasibu msaidizi" wa kanisa letu kwa miaka miwili. Ukweli ni kwamba kila Jumapili baada ya ibada ya kwanza yeye huketi na wazee wawili wakihesabu sadaka, kisha anaandika hesabu kitabuni. Jamaa wa saiba aliyemchapia ndiye aliyemshauri hivyo. Huyo ana CV moja kwenye kompyuta, kazi yake ni kubadilisha majina tu. Nilipomuuliza dada, alinijibu kwa upole, "Pasta, kila mtu anafanya hivyo. Nikiandika vile ilivyo, hawatafika hata ukurasa wa pili." Na sahihi iliyokuwa ikisubiriwa ilikuwa yangu.

Tusimrukie na aya za Biblia kabla ya kumsikiliza, kwa sababu hoja yake ina uzito. Kwanza, fomu yenyewe ina dhuluma ndani yake: inamdai uzoefu mtu anayetafuta mahali pa kuupatia. Pili, kama wote wanaongeza chumvi, asiyeongeza ataonekana hana ladha. Tatu, mwajiri si mtoto. Anajua watu wanajisifu, kwa hivyo atapunguza mwenyewe. Ni kama Gikomba. Muuzaji anasema shati ni 500, wewe unajua ni 300, mnakutana katikati na hakuna aliyedanganywa. Mbona basi fomu isiwe kama soko?

Nilisomea biashara chuoni kabla ya kuitwa katika huduma, na hili la soko nimelifikiria sana. Tofauti iko hapa. Pale Gikomba shati liko mkononi mwako. Unalivuta, unaangalia mshono, unalinusa hata. Bei ni pendekezo, na wewe una macho yako. Kwenye fomu, mwajiri hana shati mkononi. Ana maneno yako tu. "Miaka miwili" si bei ya kupatana, ni ushahidi. Ndiyo maana fomu nyingi humalizika kwa tamko kwamba yote uliyoyasema ni ya kweli, na chini yake nafasi ya sahihi. Muuza mitumba haapi kwamba shati ni la 500.

Najua mtu atasema, "Pasta, si unatukuza jambo dogo? Hajaghushi cheti." Kweli, hajaghushi. Kughushi ni jinai, na Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 349, inaweza kukupa hadi miaka 3 ndani. Lakini tukumbuke jinsi nchi hii ilivyofika tulipo. Mwaka wa 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti vya watumishi wa umma ulifichua vyeti ghushi zaidi ya 2,000. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, imekuwa ikienda mahakamani kudai watu kama hao warudishe mishahara waliyolipwa. Sidhani kama wengi wao waliamka siku moja wakaamua kuwa wahalifu. Nadhani walikuwa wamezoea kwa muda mrefu kuiona fomu kama mahali ambapo maneno hayana mwenyewe.

Tena kuna mtu ambaye hatumwoni tunapojaza: yule mwombaji mwingine aliyeandika ukweli. Uongo wa kwenye fomu haumwumizi mwajiri peke yake. Unamsukuma nje ya foleni mtoto wa mtu.

Lakini kuna upande wa pili wa jambo hili, na sisi watu wa kanisa huusahau. Ndugu mwingine aliniletea fomu yake, na pale pa uzoefu ameandika neno moja: "Hakuna." Nikamtazama. Huyu kijana tangu kidato cha kwanza anafungua kibanda cha mamake saa kumi na moja alfajiri. Anajua mboga ya kununua Jumatatu na ile ya kuacha hadi Alhamisi. Anajua ni mteja gani wa kukopeshwa na yupi wa kuambiwa "mama hayuko". Siku ambazo mama ni mgonjwa, duka ni lake, pesa ni zake kuhesabu, na jioni hesabu lazima ikubali. Hakuna?

Katika somo la uhasibu tulifundishwa kwamba vitabu vinavyoficha mali vina kosa sawasawa na vitabu vinavyotia mali isiyokuwepo. Mkaguzi hatakusifu kwa unyenyekevu eti umeandika gari moja na una mawili. Atasema vitabu vyako si vya kweli. Vivyo hivyo "hakuna" ya yule ndugu haikuwa unyenyekevu, ilikuwa hesabu mbaya. Na tukichimba zaidi, ilikuwa dharau, ingawa hakuikusudia. Tumewafundisha watoto wetu kwamba kazi ni ile yenye payslip. Kibanda kilichomlipia karo yake yote hakikustahili hata mstari mmoja kwenye fomu.

Hapo ndipo namkumbuka Daudi mbele ya Sauli, katika 1 Samweli 17. Ile ilikuwa mahojiano ya kazi, tusidanganyane. Sauli alimwona ni kijana tu, na mpinzani wake alikuwa askari tangu ujana. Kwa lugha ya leo, Daudi hakuwa na uzoefu. Alijibu nini? Hakusema alishawahi kuwa jeshini, ingawa kaka zake watatu walikuwa huko na angeweza kujibandika kwao. Wala hakusema hana kitu. Alisema alichunga kondoo wa babake, kisha akaeleza kilichotokea simba alipokuja na dubu alipokuja. Kazi ya nyumbani, isiyo na mshahara, ameieleza jinsi ilivyokuwa. Tena alipovikwa mavazi ya vita ya mfalme aliyavua, kwa sababu hakuwa ameyazoea. CV ya saiba ni mavazi ya Sauli. Inang'aa, lakini siku ya kwanza kazini utaombwa utembee nayo.

Kwa hivyo tuliketi na yule dada, tukafuta "mhasibu msaidizi". Badala yake aliandika kwamba kwa miaka miwili, kila Jumapili, amekuwa akihesabu sadaka pamoja na wazee wawili na kuingiza hesabu kitabuni, bila malipo. Hiyo niliitilia sahihi kwa moyo mweupe. Kipimo nilichompa ni hiki: mtu aliyekuwepo akiisoma sentensi yako, ataitambua? Mzee aliyeketi naye mezani akisoma "mhasibu msaidizi", atauliza ni nani huyo. Akisoma ile ya pili atasema, "Ni kweli, ni huyu binti." Yule ndugu wa kibanda naye aliandika mistari mitano, na mama yake alipoisoma alinyamaza kwa muda.

Sasa, mngependa niwaambie kwamba dada alipata kazi. Hakuitwa. Mama yake alinisimamisha nje ya kanisa akaniuliza, "Pasta, huo ukweli wenu ndio umetunyima kazi?" Swali hilo sikulijibu kwa haraka, na hata hapa sitalijibu kwa wepesi. Labda uongo ungempa nafasi ile. Uongo wakati mwingine unafanya kazi. Yakobo alivaa nguo za Esau na baraka akaipata, ingawa baada yake ilibidi akimbie nyumbani. Siwezi kumwahidi mtu kwamba akijaza ukweli simu italia. Ninachoweza kusema ni kwamba ukweli una gharama, na si haki gharama hiyo yote ilipwe na binti wa miaka 20 peke yake huku sisi watu wazima tukimpigia makofi.

Kwa sababu fomu zile zinaandikwa na watu, na baadhi yao wanaketi katika viti vyetu. Mwaka wa 2022 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ajira ili mwajiri asidai vyeti vya uidhinisho kabla hajawa tayari kumpa mtu kazi. Wabunge waliona kwamba tunawatoza vijana kabla hawajapata chochote. Wewe mwenye duka, mwenye shule, mwenye sacco, huhitaji kungoja Bunge. Ukitangaza kazi ya mwanafunzi halafu ukadai uzoefu wa miaka miwili, umemwekea kijana mtego, na akidanganya utakuwa na sehemu yako katika dhambi hiyo. Uliza badala yake: umewahi kuaminiwa na nini, na nani alikuona?

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakuwa na meza pale karibu na ofisi ya vijana. Wanafunzi waje na fomu zao, tuzijaze pamoja. Na ninyi wenye biashara, pitieni hapo kabla ya kwenda nyumbani, hata kama mna nafasi moja tu ya wiki mbili. Yule dada bado anatafuta.