Nasaha kwa Wauzaji wa Mtandaoni: Adabu ya Kumwomba Mteja Maoni

Vijana wangu mnaouza vitabu vya PDF, kozi za video, midundo ya muziki, kadi za harusi za kidijitali na programu za simu, nawaandikia kwa sababu nimechoka kunyamaza. Biashara yenu ni halali na ni nzuri. Haihitaji fremu wala kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kitu ukishakitengeneza mara moja unaweza kukiuza mwaka mzima. Lakini namna mnavyowaomba wateja maoni imeanza kutia aibu, na aibu hiyo inawaharibia soko wote, mwaminifu na mjanja pamoja.

Kwanza mjue mnachokiomba. Anayenunua kitenge Kariakoo hukivuta, hukikunja, hukitoa nje akaitazama rangi juani, ndipo akaingiza mkono mfukoni. Mteja wenu hana cha kushika. Anatuma elfu kumi kwa lipa namba ya mtu asiyemjua, au kwa till akiwa Kenya, kisha anakaa kungoja faili. Kabla ya kulipa hana mwongozo mwingine ila neno la aliyetangulia kununua. Mwaka 2011 mtafiti Michael Luca wa Harvard alichapisha kazi yake kuhusu mikahawa ya mji wa Seattle, Marekani. Aliona kwamba nyota moja ikiongezeka kwenye mtandao wa Yelp, mapato ya mkahawa hupanda kwa asilimia 5 hadi 9, na walionufaika ni wenye mikahawa yao binafsi, si makampuni makubwa yenye matawi kila mahali. Kampuni kubwa inajulikana tayari. Ninyi hamjulikani, kwa hiyo neno la mteja kwenu ni mtaji. Na mtaji hauchezewi.

Nasaha ya kwanza: stahili kabla hujaomba. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na msemo huu naupenda kuliko yote ya biashara. Naona mtu amehangaika wiki nzima kutafuta maoni ya kitabu ambacho hata yeye hajakifungua kwenye simu ndogo. Kifungue. Tazama kama herufi zinasomeka bila kuvuta ukurasa kulia na kushoto. Tazama video yako inakula bando kiasi gani, kisha jiulize kama anayeweka bando la siku moja moja ataimaliza. Na zaidi ya yote, jaribu linki yako kwa simu ya mtu mwingine. Nimeyaona haya mara nyingi: mteja amelipa saa nne usiku, watoto wamelala, amepata nafasi yake ya kusoma. Anabonyeza linki, anaambiwa aombe ruhusa ya kufungua faili. Anaomba. Muuzaji amelala. Anapiga, simu imezimwa. Asubuhi faili bado haijafunguka, lakini ujumbe umeshaingia: "Asante kwa kutuunga mkono, tupatie nyota tano." Nyota tano za nini? Mtu huyo unamdai sifa, naye anakudai mali yake.

Nasaha ya pili: chagua wakati. Hapa ndipo wengi mnapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mimi mwenyewe nilinunua kozi ya kupanga mahesabu ya duka kwa kijana mmoja ambaye sitamtaja. Video ya kwanza haijamaliza kushuka, ananiuliza nimeionaje. Nikamjibu kwa upole kwamba sijaitazama. Jioni akauliza tena. Kesho yake akanitumia alama ya kuuliza peke yake, bila hata salamu, kana kwamba mimi ndiye niliyekopa. Kozi yenyewe ilikuwa nzuri. Sikumwandikia neno, na mpaka leo sijamwandikia, kwa sababu alinifanya nijisikie kama mtu anayedaiwa.

Kila bidhaa ina muda wake wa kujulikana. Kadi ya harusi au templeti ya wasifu wa kazi mteja huitumia siku hiyo hiyo; muulize baada ya siku mbili. Kitabu cha kurasa mia mbili mpe wiki mbili au tatu, maana watu wana kazi, wana wagonjwa, wana misiba. Kozi ya mwezi mzima muulize mara moja anapomaliza somo la kwanza, ili ujue kama amekwama, na maoni yenyewe uyaombe anapofika mwisho. Programu ya simu iombe maoni mtu anapokuwa amekamilisha jambo, amehifadhi hesabu zake au amemaliza zoezi. Usimkatize katikati ya kazi.

Omba mara moja. Kumbusha mara moja. Kisha acha. Apple, kampuni yenye nguvu zote ilizonazo, hairuhusu kisanduku chake cha kuombea nyota kimtokee mtumiaji wa programu zaidi ya mara 3 katika siku 365. Wao wametambua kwamba binadamu huchoka. Wewe unayetuma ujumbe kila Ijumaa kwa orodha nzima umeona nini wasichokiona wao?

Na ili usimuulize mtu yule yule mara nne, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la mteja, alichonunua, tarehe aliyopokea, tarehe uliyomwomba, alichojibu. Daftari la shule la mistari linatosha.

Nasaha ya tatu: omba kama mtu aliyelelewa. Salamu kwanza. Mkubwa wako mwamkie. Kuwa mtandaoni hakufuti shikamoo. Mkumbushe alichonunua, kwa sababu hakuamka akikuwaza wewe. Kisha uliza jambo ambalo mtu anaweza kulijibu. Ukimwambia "tupe mrejesho", atakujibu "iko poa", na "iko poa" haijamsaidia mnunuzi yeyote duniani. Andika hivi:

"Habari za jioni, dada. Wiki mbili zilizopita ulichukua kwangu kitabu cha ufugaji wa kuku wa mayai. Natumaini kilifunguka vizuri. Ukipata nafasi, naomba mistari miwili: kipi kimekufaa, na kipi umeona kimepungua. Ukiwa bado hujakisoma, usijali, endelea taratibu."

Angalieni ujumbe huo haukutaja nyota, wala haukumwelekeza asifu. Umeuliza kilichopungua, na mtu akiulizwa kilichopungua huamini kwamba unataka kweli kujua. Jibu lake litakuwa na jambo ndani yake: kwamba sura ya chanjo imemwokoa, kwamba bei za chakula cha kuku zimepitwa na wakati. Msomaji mwingine mwenye kuku wake kumi na tano akisoma hivyo atajua kitabu kimesomwa na mtu mwenye banda.

Asiyependa kuandika mruhusu atume sauti, kisha umwombe idhini ya kuiandika. Mpe linki moja tu inayompeleka mahali penyewe pa kuandika. Usimzungushe kwenye fomu yenye maswali kumi na mbili yanayoanza na tarehe ya kuzaliwa.

Akikuandikia, mshukuru siku hiyo hiyo.

Maneno yake usiyahariri. Akikosea tahajia, mwachie.

Nasaha ya nne: usinunue ushahidi. Hapa sitazungumza kwa upole.

Wapo wanaotoa punguzo la nusu bei kwa sharti la nyota tano. Zipo grupu za "nipe nyota nikupe nyota". Wapo wanaowapanga shemeji, wapwa na wanafunzi wenzao wasifie kozi ambayo hawajaiona hata kava. Na kibaya kupita vyote, wapo wanaotumia programu za kutengeneza mazungumzo ya WhatsApp ya kubuni, wakajiandikia wenyewe "kaka umebadilisha maisha yangu", wakapiga skrinishoti, wakaposti. Mnaita mbinu ya soko. Ni ushahidi wa uongo, na hakuna dini wala kabila katika pwani na bara yetu linaloupa jina lingine. Mama anayetoa pesa ya mboga ya wiki kununua kozi yako kwa sababu ya mazungumzo yale amedhulumiwa, hata kama kozi ina uzuri wake.

Na msidhani dunia imelala. Amazon ilikataza mwaka 2016 maoni yanayotolewa kwa kupewa bidhaa bure au kwa punguzo, ikibakisha mpango wake yenyewe na desturi ya waandishi kugawa nakala za awali za vitabu. Google Play hairuhusu mtengenezaji wa programu atoe zawadi ili apewe nyota. Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024 inakataza kuuza na kununua maoni ya uongo, na inakataza kumlipa mtu kwa sharti kwamba asifu, au kwamba aponde. Uingereza imeyapiga marufuku maoni ya uongo tangu tarehe 6 Aprili 2025. Wengi wenu mna wateja London na Minnesota, ndugu zetu walioko huko, na mnauza kupitia mitandao ya huko. Duka lako likifungwa usiku mmoja na pesa zako zimo ndani, usiseme umeonewa.

Unataka kumzawadia mteja? Mzawadie kwa kuwa amenunua. Wape wote, waliosifu, walionyamaza na waliolalamika, na usiambatanishe sharti lolote.

Nasaha ya tano: maneno ya mteja ni amana. Baada ya kisa cha kozi ya mahesabu nilinunua kitabu kwa mtu mwingine, nikamwandikia kwa heshima mistari kadhaa. Siku ya pili mpwa wangu ananionyesha stetasi: jina langu, picha yangu na namba yangu ya simu, vimezungushiwa duara jekundu na juu yake vikaragosi vya moto. Hakuniuliza. Wiki hiyo nilipigiwa na watu nisiowajua wakiniuliza kama kitabu ni cha kweli.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Data wa huko aliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Lakini hata pasingekuwa na sheria, adabu ingetosha. Mwanamke aliyenunua kitabu chako cha kutoka kwenye madeni hakukinunua ili majirani wajue anadaiwa. Mwanamume aliyenunua kozi ya kuacha pombe hakukupa ruhusa ya kuwatangazia wakwe zake. Muulize: "Naweza kuwaonyesha wengine maneno yako? Niweke jina lako la kwanza, au nisiweke jina?" Akikataa, mshukuru. Akikubali, futa namba na picha kabla hujaposti.

Nasaha ya sita: lipokee lililo chungu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mteja akiandika kwamba video hazisikiki, wewe unafuta, unamzuia, kisha unaposti mafumbo ya mahasidi. Huyo si hasidi. Ni mtu aliyelipa. Wengi wakichukizwa huondoka kimya na hutawasikia tena. Yeye amekupa nafasi ya kurekebisha. Januari 2022 kampuni ya nguo ya Fashion Nova ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 4.2 baada ya kutuhumiwa kwamba ilizuia maoni ya chini ya nyota nne yasionekane kwenye tovuti yake. Na kwa hali ya kawaida, ukurasa wenye sifa tupu humtia mnunuzi shaka. Akikuta na lalamiko moja lililojibiwa kiungwana, ndipo hutoa pesa.

Jibu lako liwe fupi: pole, umesema kweli au hapa tumepishana, na hiki ndicho nitakachofanya. Kisha kifanye. Bidhaa ya kidijitali ina baraka ambayo gunia la mchele halina: ukilirekebisha faili leo, unaweza kulituma upya kwa kila aliyenunua tangu mwanzo, bila gharama ya kusema. Watumieni. Nimeona wateja waliokuwa wamenuna wakarudi wenyewe kuandika wema baada ya kutumiwa toleo lililosahihishwa wasilolitegemea. Ila usimshurutishe mtu abadilishe alichoandika. Mwambie umerekebisha, basi.

Na sifa zikizidi, jihadhari. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kitabu cha pili cha wengi wenu ni kibaya kuliko cha kwanza, na chanzo ni hicho.

Nanyi wanunuzi, msikae pembeni mkitabasamu. Mkikosewa mnapiga kelele hadi grupu la ukoo linajua, mkifaidika mnanyamaza. Wengine mnakisambaza kitabu cha watu bure kwenye grupu la watu mia mbili, na mwenye kazi hamjamwandikia hata "Mungu akubariki". Mistari miwili ya kweli haimalizi bando la mtu, nayo humpa kijana mwenye kazi safi nguvu dhidi ya tapeli mwenye maneno mengi. Andikeni.

Wauzaji, leo usiku fungueni daftari. Watafuteni wateja watatu mliowauzia zamani mkawasahau, muwasalimie, muwaulize kitu kilifunguka au hakikufunguka. Atakayesema hakikufunguka mtumieni kwanza, na maoni msimwombe mpaka awe ametumia. Atakayesema kilimfaa mwombeni ushahidi wake kwa heshima, na mumwachie uhuru wa kukataa.

Soko hili halina mizani wala mkaguzi anayepita na daftari lake kila asubuhi. Lina neno la mteja peke yake, na mkishaliharibu hilo, hata aliye mkweli kati yenu hataaminiwa.