HAKI YA ALIYE NDANI YA NYUMBA ILIYONADIWA

Ndugu zetu, hapa Kisauni, Likoni na Changamwe hutokea mwenye nyumba akashindwa na deni la benki, nyumba ikanadiwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yataka mdaiwa apewe ilani ya miezi 3, kisha ya siku 40, kabla ya kuuziwa. Lakini mpangaji, aliyelipa kodi yake na asiyekopa hata senti, huenda asijue lolote mpaka avione vyombo vyake uani.

Twauliza: mnunuzi amenunua nini? Amenunua kuta na paa. Hakununua heshima ya waja. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, katika kauli yenye nguvu, wasema kuuzwa kwa nyumba hakuvunji ijara. Mnunuzi hungoja muda wake uishe.

Basi na apige hodi, atoe salamu, waandikiane siku ya kuhama mbele ya mashahidi. Na aliye ndani, muda ukiisha, asiifanye huruma hiyo kuwa hila ya kukalia mali ya mtu, kwani hiyo nayo ni dhuluma.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.