Ubingwa wa Watu Wawili

Mwaka 1952 ubingwa wa dunia wa snuka uligombewa na watu wawili tu. Horace Lindrum wa Australia alikutana na Clark McConachy wa New Zealand jijini Manchester, akashinda kwa fremu 94 kwa 49. Wengine wote walikuwa wamesusa.

Ugomvi ulikuwa wa pesa. Baraza lililosimamia mchezo lilishikilia kwamba ubingwa ni heshima kwanza. Chama cha wachezaji wa kulipwa kikasema baraza linajikatia fungu nono mno. Hapo nawaunga mkono wachezaji, maana watazamaji walilipa kiingilio kwa ajili yao. Wachezaji wakaanzisha mashindano yao, na mwaka uleule Fred Davis akamshinda Walter Donaldson 38 kwa 35. Baraza likabaki na kombe lisilo na watu.

Balaa la wachezaji lilikuja baada ya kulishinda baraza. Mwenyekiti wa chama alikuwa Joe Davis, kaka yake Fred, bingwa mara 15 ambaye hakuna aliyewahi kumng'oa mpaka alipojitoa mwenyewe 1946. Alijitoa kwenye ubingwa, si kwenye meza. Aliendelea kucheza mashindano mengine na kuwafunga haohao walioitwa mabingwa. Hata Leicester Square Hall, ukumbi maarufu wa snuka London, alikuwa na mkono katika kuuendesha. Mwenzake gani angethubutu kumwambia kuwa ubingwa asiocheza yeye hauuziki?

Uhasama nao haukuisha. Januari 22, 1955, ukumbini humo, Joe alisafisha meza kwa pointi 147: nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, hadi nyekundu zote 15, kisha rangi sita zilizobaki. Baraza likakataa kuzitambua. Kisa? Wachezaji wa kulipwa walikuwa na kanuni yao kwamba ukicheza faulo, mpinzani anaweza kukuamuru upige tena, na baraza halikuwa limeipitisha. Kwenye pointi zile 147 hamkuwa na faulo hata moja! Ilibidi angoje hadi 1957.

Mwaka huohuo wa 1957, kwenye mashindano ya chama, walijitokeza wachezaji wanne tu, Fred hayumo. John Pulman akashinda kisiwani Jersey, mashindano yakafa. Kwa miaka saba hapakuwa na ubingwa wa dunia. Mchezaji Rex Williams ndiye aliyepatanisha pande mbili mwaka 1964, na mtindo wa mtoano ukarudi 1969.

Chama cha wachezaji, kiitwacho WPBSA tangu 1970, kilikwama tena. Msimu wa 2009–10 mashindano ya kupanga viwango yalikuwa sita tu. Juni 2010 wanachama wakaulizwa kama wampe promota Barry Hearn asilimia 51 ya kampuni ya biashara ya mchezo, yaani wapige kura ya kujipunguzia mamlaka. Ilipita 35 kwa 29. Wangegeuka watatu tu, zingelingana. Misimu michache baadaye kalenda ilijaa hadi baadhi yao wakalalamika hawapati hata muda wa kupumzika.