Mnyama Ameazimwa, Arudishwe Kwao

Ndugu zangu mnaowapeleka watoto bustani ya wanyama siku za sikukuu, nanyi mnaozisimamia bustani hizo, nisikilizeni! Mnyama aliye nyuma ya kioo si mali yetu. Ameazimwa. Na cha kuazima hurudishwa.

Mtazameni chura wa Kihansi. Ni wa manjano, hafiki sentimita tatu. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai, na kitoto chake huenea juu ya ukucha wa kidole chako kidogo. Dunia nzima hakuwa na kwao ila kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, katika Milima ya Udzungwa. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa tayari umeanza. Maji yalipogeuziwa mitambo, manyunyu yakakatika. Yakawekwa mabomba ya kunyunyiza, lakini ugonjwa wa kuvu nao ukaingia. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Je, ndiyo ukawa mwisho wake? Hasha! Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamekwishapelekwa Bronx Zoo, New York, na baadaye wengine wakatunzwa Toledo Zoo, Ohio. Huko wengi walikufa, hata wakabaki chini ya mia. Watunzaji hawakukata tamaa. Wakawatengenezea manyunyu, wakawafugia wadudu wadogo wa kuwatosha kinywani, wakawawekea taa za mwanga kama wa jua. Mwaka 2010 vyura mia moja wakapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi kwenyewe.

Wapo waliouliza: gharama yote hiyo kwa chura? Ndiyo, kwa chura! Aliyemuumba tembo ndiye aliyemuumba chura, wala hakutupa sisi kazi ya kuchagua nani aishi. Umeme ule si dhambi. Hospitali zinauhitaji, viwanda vinauhitaji. Lakini anayewasha taa ana deni kwa aliyekatiwa manyunyu.

Mkulima mwenye akili huning'iniza mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko, na hata njaa ikibisha hodi hayagusi, kwa kuwa ni ya shamba. Bustani ya wanyama na iwe hivyo. Isipokuwa hivyo, ni gereza lenye kiingilio.

Enyi wasimamizi, msiishie kuandika jina la mnyama kwenye kibao. Andikeni kwao ni wapi, nini kinammaliza huko, na ninyi mnafanya nini ili arudi. Enyi walimu, msiwapitishe wanafunzi mbio mbio kutoka kwa simba hadi kwa chatu. Wasimamisheni mbele ya mnyama mmoja hadi wamwelewe. Enyi wazazi, mtoto akimrushia tumbili njugu, mkanyeni; akiuliza swali, msimvute mkono. Mtoto huyo ndiye mhandisi wa bwawa lijalo, ndiye waziri atakayetia saini.

Wala tusijidanganye kwamba kioo kinatosha. Vyura wangezaliana New York milele, lakini bila maji kuachiwa yaanguke Kihansi wangerudi wapi? Kumtunza mnyama na kuacha kwao kuharibiwe ni kazi bure. Basi simameni! Tulinde mito, misitu na vinamasi kwa bidii ile ile tunayolinda mashamba yetu, ili kila tuliyemwazima, siku ya kumrudisha ikifika, awe na pa kurudi.