Kipimo cha Chungu na Heshima ya Mgeni

Miongoni mwa mambo yanayodhaniwa kuwa madogo katika maisha ya jamaa ni kupanga chakula cha juma zima: siku gani yatapikwa maharage, siku gani dagaa, unga uliomo utafika lini mwisho wake, na mboga itatoka wapi. Hata hivyo jambo hili limebeba swali kubwa la maadili. Wapo wanaodai kwamba kupima na kupanga chakula ni tabia ya wachoyo iliyotujia pamoja na maisha ya mjini, na kwamba Mwafrika wa asili hakuhesabu sahani. Alipika, akala, na aliyepita njiani akakaribishwa. Je, kipimo na ukarimu ni maadui? Hili ndilo swali tunalokusudia kulichunguza.

Kwanza, si kweli kwamba wazee wetu hawakupima. Kihenge kilijazwa wakati wa mavuno, na aliyekifungua alijua kwamba sharti kimfikishe kwenye mavuno mengine. Wasukuma walikata viazi vitamu wakavianika kuwa michembe, au wakavichemsha kwanza na kuvianika kuwa matobolwa, ili viliwe wakati shamba limekauka. Wagogo walianika majani ya mlenda. Pwani nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja. Hata leo anayetaka kupika makande kesho huloweka mahindi na maharage usiku huu, naye kwa tendo hilo amekwisha kupanga. Wahenga walisema, “Akiba haiozi,” wakasema tena, “Chovya chovya yamaliza buyu la asali.” Kupima, basi, si ugeni kwetu, ni sehemu ya urithi wetu.

Pili, taifa letu limekwisha kufundishwa jambo hili kwa uchungu. Ukame wa mwaka 1973 na 1974 uliilazimisha nchi kutumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka. Mwaka 1973 ilianzishwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe, na mwaka 1975 ikaendeshwa kampeni ya Chakula ni Uhai, ambapo watu walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana. Tangu hapo tunajua kwamba kushiba ni jambo moja na kulishwa vema ni jambo jingine. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa mahindi, imo miongoni mwa ile yenye watoto wengi waliodumaa. Ni dhahiri kwamba ghala lililojaa halitoshi. Hatuna budi kuuliza pia ni nini kinachoingia chunguni, kwa siku zipi, na nani anayepakuliwa.

Sasa natumtazame mgeni. Tuseme amefika jioni bila taarifa, na baba mwenye nyumba amempokea kwa furaha na kumsihi asiondoke kabla ya kula. Jikoni umebaki unga wa watu sita, nao wa nyumbani ni sita tayari. Mgeni atapewa fungu la kwanza pamoja na kitoweo kilicho bora. Baba atakula naye. Na kitakachobaki sufuriani kitagawanywa kwa mama na watoto. Kesho mgeni atamsifu baba kwa ukarimu wake. Lakini ni nani aliyetoa? Ni mama aliyelala na nusu ya shibe, na mtoto mdogo aliyekula ugali mtupu, nao hawakuulizwa neno. Ukarimu unaolipwa na mwingine asiye na sauti haustahili jina hilo. Kipimo hakikuuleta upungufu huo. Kingalikuwapo, kingaliuonyesha mapema na kumlazimu baba aamue kama yuko tayari kutoa fungu lake mwenyewe.

Tutajibiwa kwamba mpango nao waweza kugeuka kuwa bwana. Mtoto wa jirani anasimama mlangoni wakati wa chakula, na mwenye nyumba anasema moyoni kwamba huyu hakuhesabiwa. Hoja hii ni ya kweli, nasi hatuikwepi. Mchoyo naye hupima. Ila yeye hupima ili abakiwe na zaidi, na mwenye busara hupima ili asiwepo atakayekosa. Kwa hiyo mpango wa haki una konzi moja ya unga kwa ajili ya mtu ambaye bado hajajulikana. Ndivyo walivyofikiri wahenga walipotuachia methali mbili za kuwekwa pamoja. Moja yasema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Ya pili, ambayo Mwalimu Nyerere aliikumbusha mwaka 1962 katika maandishi yake juu ya Ujamaa, yasema, “Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.” Methali hii inamheshimu mgeni na inaliheshimu ghala pia.

Ipo hoja nyingine iliyo nzito zaidi. Kibarua anayelipwa jioni na kununua robo kilo ya unga kwa usiku huo, atapangaje juma zima? Kumhubiria mtu kama huyo ni kumdhihaki. Mtu hupanga alicho nacho, na kazi ya kuhakikisha kwamba kila nyumba ina cha kupanga ni wajibu wa jamii nzima: ujira wa haki, bei zinazovumilika, na mashamba yanayotunzwa. Lakini jambo hili lisiwe kisingizio kwa mwenye mshahara na stoo, ambaye mwezi unaanza kwa pilau na kuishia kwa mikopo dukani.

Limebaki suala la nani apange. Katika nyumba nyingi kazi hii ya akili imeachiwa mama peke yake, naye hufikiri juu ya kesho huku wengine wakiuliza tu, “Leo tunakula nini?” Yatupasa tuibadili desturi hiyo. Baba ajue bei ya mafuta na kiasi cha unga uliobaki. Kijana wa kiume ajue kuchambua na kuloweka maharage. Asiyejua kilichomo jikoni hawezi kumkaribisha mtu kwa haki.

Walimu wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo. Wawape wanafunzi jamaa ya kubuni, yenye watu sita na fedha kidogo, wapange chakula chake cha siku saba. Isiwe jamaa ya mwanafunzi yeyote, ili asiwepo wa kuaibishwa na umaskini wa kwao. Kisha waulizwe: mgeni akifika siku ya Alhamisi, nani apunguziwe, na nani aamue? Majibu yatatofautiana, nayo yajadiliwe. Jamaa iliyokwisha kulijibu swali hilo kwa pamoja, kabla ya mtu kupiga hodi, itamkaribisha mgeni bila kinyongo, na mtoto wake mdogo hatalala na njaa.